Saratani ya Uume: Ubishi wa Tohara na Kidonda Kinachosahauliwa

Tangu kampeni ya tohara ya hiari ilipoingia Nyanza mwaka 2008, saratani ya uume imekuwa ikitajwa Bondo, kaunti ya Siaya nchini Kenya, kwa kupita tu, mwishoni mwa orodha ya faida za kutahiriwa, baada ya Ukimwi, kaswende na usafi. Kutajwa huko kwa haraka kumezaa mkanganyiko. Aliyetahiriwa akiwa na miaka thelathini anaamini ameshajikinga, na kidonda kitakachomtokea baadaye hakiwezi kuwa saratani. Asiyetahiriwa anaambiwa ugonjwa unamngoja. Mzee anayehisi uvimbe chini ya govi anasema ni nyach, ugonjwa wa zinaa, na kuutafutia sindano kwa kemisti. Majirani wananong'ona kuwa ni chira, kwamba kuna mwiko wa ukoo aliouvunja.

Kauli hizi zinapingana, lakini ukizichunguza utaona nyingi zina chembe ya ukweli. Tatizo ni kwamba kila upande umeshika chembe yake ukadhani ndiyo hoja nzima, na katikati ya ubishi huo kuna mgonjwa ambaye kidonda chake bado hakijapimwa.

Ugonjwa wenyewe

Karibu saratani zote za uume huanzia kwenye seli bapa za ngozi ya juu, hasa kwenye kichwa cha uume na upande wa ndani wa govi. Huanza kama doa jekundu au jeupe, kipele kigumu, ngozi iliyonenepa, au kidonda kidogo ambacho hakiumi. Kutouma huko ndiko kunakomponza mtu. Chini ya govi lisilofunguka, dalili ya kwanza huweza kuwa harufu, usaha au damu, na kufikia hapo uvimbe unakuwa umekaa miezi mingi.

Duniani kote ni ugonjwa adimu. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya wapatao 36,000 na vifo takriban 13,000, ilhali saratani ya mlango wa kizazi mwaka huohuo iliwapata wanawake zaidi ya 600,000. Ulaya na Amerika Kaskazini hukaa karibu na mgonjwa mmoja kwa kila wanaume 100,000 kwa mwaka.

Kanda ya Ziwa Victoria ina historia tofauti. Katikati ya karne iliyopita saratani hii ilikuwa miongoni mwa saratani kuu za wanaume nchini Uganda. Mwaka 1966 daktari wa upasuaji Sebastian Kyalwazi alichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki mapitio ya wagonjwa 153 waliolazwa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa ugonjwa huu mmoja. Miaka mitatu kabla yake, Dodge, Linsell na Davies walilinganisha jamii za Kenya na Uganda zinazotahiri na zisizotahiri, wakaona ugonjwa umeelemea upande wa wasiotahiri. Hoja ya tohara kwa hiyo haikuletwa na wafadhili wa Ukimwi. Ilikuwa mezani hapa nyumbani kabla ya uhuru wa Kenya.

Hoja ya tohara

Wajaluo, tofauti na majirani zao wengi Waluhya, Wagusii na Wakuria, hawakuwa na jadi ya kutahiri; alama yao ya kuingia utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Kutokutahiri kukaja kugeuzwa silaha ya siasa. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, wanaume Wajaluo walitahiriwa kwa nguvu huko Naivasha na Nakuru, na suala hilo likafika hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo mnamo Januari 2012 ililiweka katika kundi la vitendo vya kinyama. Asiyejua hilo hataelewa kwa nini mzee wa Bondo anaweza kuusikia ujumbe wa kitabibu kama tusi.

Na hata hivyo kampeni ilishika. Msingi wake ulikuwa utafiti uliofanywa Kisumu kati ya 2002 na 2006, wenye vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, ambao ulionyesha kuwa tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi kutoka kwa mwanamke. Baraza la wazee wa Kijaluo lilisita. Raila Odinga, wakati huo Waziri Mkuu na mwana wa Bondo, aliwahimiza vijana wajitokeze. Uchunguzi wa kitaifa wa Ukimwi ulikuta wanaume waliotahiriwa Nyanza ni asilimia 48 mwaka 2007 na asilimia 66 mwaka 2012. Mabadiliko ya kasi hiyo ni nadra katika afya ya umma.

Kwa upande wa saratani ushahidi una masharti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kuwa waliotahiriwa utotoni au ujanani walikuwa na takriban theluthi moja tu ya hatari ya saratani iliyopenya ndani. Lakini watafiti walipowatenga wanaume ambao govi lao liliwahi kubana, kinga hiyo haikuonekana tena. Yaani sehemu kubwa ya faida ya tohara ni kwamba inaondoa uwezekano wa govi kubana. Na kwa waliotahiriwa wakiwa watu wazima, kinga haikuonekana kabisa. Hapa pana mtego wa kitakwimu: wengi wa wanaotahiriwa ukubwani katika nchi zilizofanya tafiti hizo walipelekwa kisuni kwa sababu govi lilikuwa tayari lina ugonjwa, kwa hiyo kundi hilo lilianza na hatari kubwa.

Vijana wa Kisumu walitahiriwa wakiwa wazima, na ndiyo maana data yao ina thamani ya pekee. Watafiti walipowachunguza baadhi yao kwa kioo cha kukuza, mabaka bapa yanayohusishwa na virusi vya papiloma yalionekana kwa asilimia 26 ya wasiotahiriwa na kwa chini ya asilimia 1 ya waliotahiriwa. Tofauti hiyo inatia moyo. Hata hivyo mabaka mengi ya namna hiyo hupotea yenyewe bila kugeuka saratani, na wagonjwa wengi wa saratani ya uume wana zaidi ya miaka 50. Kijana aliyetahiriwa Bondo mwaka 2008 akiwa na miaka 20 hajafika arubaini. Jibu la mwisho kuhusu tohara ya ukubwani litatolewa na kizazi chake, na litachukua miaka ishirini nyingine.

Udhaifu mkubwa zaidi wa hoja hii umetoka kwingineko. Nchini Denmark, ambako wanaume waliotahiriwa hawafiki wawili kwa mia, kiwango cha saratani ya uume kilishuka kutoka 1.15 hadi 0.82 kwa kila wanaume 100,000 kati ya miaka ya 1940 na 1990. Kampala nako, daftari la saratani lilionyesha ugonjwa ukipungua kati ya 1960 na 1997, muda mrefu kabla ya kampeni yoyote ya tohara. Kitu kingine kilikuwa kikifanya kazi.

Hoja ya usafi, na govi lisilorudi nyuma

Wanaosema chanzo ni uchafu huuelekeza mfano wa Denmark kwenye mabafu na maji ya bomba majumbani. Hoja hii ina nguvu moja kubwa: haimlazimishi mtu kukatwa chochote. Kasoro yake ni kwamba inamlaumu mgonjwa, na imejengwa juu ya dhana ambayo haijathibitishwa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba uchafu mweupe unaojikusanya chini ya govi una sumu inayosababisha saratani. Majaribio ya maabara hayakulithibitisha hilo. Kinachoonekana zaidi ni kwamba uchafu ukikwama huleta uvimbe wa mara kwa mara, na ngozi inayovimba na kupona miaka nenda miaka rudi huweza kubadilika tabia.

Mvuvi wa Usenge au kisiwa cha Mageta hakosi maji. Huoga ziwani kila siku. Lakini ikiwa govi lake halirudi nyuma, ataoga asubuhi na jioni na maji hayatafika mahali yanapohitajika. Kumwambia mtu huyo "osha vizuri" ni ushauri usio na mlango wa kuingilia. Tafiti karibu zote zilizouliza swali hili zimekuta govi lililobana kuwa miongoni mwa viashiria vikubwa kabisa vya hatari, likiongeza uwezekano wa saratani mara saba na hata zaidi ya mara kumi.

Kubana huko kuna sababu zake. Wengine wamezaliwa nako na hakukuisha baada ya utoto. Wengine hukupata kutokana na maambukizi ya kurudiarudia. Wengine wana ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosi, unaoacha makovu meupe na kuikaza ngozi pole pole. Ugonjwa huu wa mwisho unaweza kuzaa saratani hata bila virusi vyovyote, na unahitaji krimu kali ya steroidi na macho ya daktari, wala sabuni haitautibu. Uvutaji wa tumbaku nao huongeza hatari kwa kiasi cha kupimika. Sigara haitajwi sana kwenye mjadala huu, labda kwa kuwa haina utata wa kabila wala wa kitanda.

Na kwa kuwa tuko ziwani: kichocho hakimo katika orodha hii ya hatari. Kichocho kinachotawala ukingo huu wa ziwa ni kile cha matumbo, na hata kile cha kibofu, kinachofahamika zaidi Pwani, huhusishwa na saratani ya kibofu.

Hoja ya virusi

Upande wa tatu unasema huu ni ugonjwa wa zinaa. Virusi vya papiloma, vilevile vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, hupatikana katika takriban nusu ya saratani za uume, aina namba 16 ikiongoza. Shirika la Afya Duniani huigawa rasmi saratani hii katika makundi mawili, yenye virusi na isiyo na virusi, kwa sababu njia zake za kuzaliwa ni mbili.

Kwa Bondo, hoja hii haiwezi kupuuzwa. Katika utafiti wa Kisumu, nusu ya vijana wasiotahiriwa walikutwa na virusi vya papiloma walipopimwa mwanzoni. Utafiti wa Rakai, Uganda, ulionyesha kuwa tohara ilipunguza aina hatari za virusi hivyo kwa karibu theluthi moja. Juu ya hilo kuna Ukimwi, unaoidhoofisha kinga inayopaswa kuvisafisha: uchunguzi wa kitaifa wa 2018 uliiweka Siaya kwenye asilimia 15.3 ya watu wazima, wakati wastani wa Kenya ulikuwa 4.9. Anayejua biashara ya jaboya, ambamo mwanamke anayetafuta samaki wa kuuza hulazimika kuwa na uhusiano na mvuvi, haitaji kuelezwa jinsi virusi vinavyosafiri kutoka ufuo mmoja hadi mwingine.

Lakini tazama hesabu hiyohiyo upande wa pili. Ikiwa nusu ya vijana wanabeba virusi na saratani inabaki adimu, basi virusi peke yake havitoshi. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana navyo, na mwili wa wengi huvifukuza ndani ya miaka miwili hivi. Na nusu ya wagonjwa hawana virusi kabisa. Kumtazama mwenye saratani ya uume kama mzinzi aliyelipwa stahiki yake ni kosa la kimantiki kabla hata halijawa kosa la utu. Kosa hilo lina matokeo: mtu anayeogopa kuitwa mzinzi haonyeshi kidonda chake.

Kuhusu chira

Chira haipimwi kwa darubini, na hapa haitapimwa. Kinachostahili kuelezwa ni kwa nini maelezo hayo yana nguvu. Tohara, govi na virusi huzungumzia makundi ya watu: hatari imepanda, hatari imeshuka. Chira hujibu swali ambalo takwimu haziligusi, yaani kwa nini ni fulani na wala si ndugu yake. Ndiyo maana kuwakejeli wazee hakumleti mgonjwa hospitalini hata mmoja.

Hasara ya kweli iko kwenye mpangilio wa safari. Mgonjwa akinywa manyasi, dawa ya mitishamba ya chira, kwanza, akangoja yafanye kazi, akabadilisha mganga, kisha akaja hospitalini, anaweza kuwa amepoteza mwaka. Manyasi yenyewe hayamzuii mtu kupimwa wiki hiyohiyo, na mhudumu wa afya ya jamii mwenye busara huanzia hapo badala ya kuanzia kwenye mabishano ya imani.

Kidonda kinapofika dispensari

Hapa ndipo ubishi wa vyanzo unapopaswa kupisha, kwa sababu kwa mtu ambaye tayari ana kidonda, chanzo hakibadilishi hatua ya kwanza. Hatua hiyo ni kukata kipande kidogo cha nyama pembeni mwa kidonda, kukitia kwenye chupa ya formalini na kukipeleka maabara ya patholojia. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuchukua nafasi yake, na jicho la daktari, hata bingwa, halitoshi.

Utaratibu wa vituo vya ngazi ya chini hautangulizi hatua hiyo. Kidonda sehemu za siri hutibiwa kwa dalili: mgonjwa hupewa dawa za kaswende, pangusa na mara nyingine malengelenge, papo hapo, bila maabara. Kwa afya ya umma utaratibu huo una hekima kubwa. Vidonda vingi kweli ni maambukizi, mgonjwa huenda asirudi, na kila siku ya kungoja majibu ni siku ya kuambukiza wengine. Gharama yake humwangukia yule mmoja ambaye kidonda chake si maambukizi. Anapewa sindano, kidonda kinapungua usaha kwa sababu dawa imeua bakteria waliokuwa juu yake, anadhani anapona. Kinaporudi anakwenda kituo kingine, ambako hana faili, na anaanza upya. Kemisti wa mjini naye huuza dozi ya tatu na ya nne bila kuona chochote.

Kiraka cha tatizo hili si ghali. Kidonda au uvimbe wa uume uliokwisha tibiwa mara moja kwa dozi kamili na bado upo baada ya wiki nne hauna haki ya dozi ya pili kabla ya kipimo cha kipande cha nyama. Govi lisilorudi nyuma kwa mtu mwenye usaha, damu au uvimbe lipasuliwe kwa juu kwa ganzi ya kawaida ili kilichofichwa kionekane. Upasuaji huo ni mdogo, na kampeni ya tohara imewafunza maafisa wa kliniki wengi wa Nyanza stadi zinazokaribia kufanana nao.

Kuna kinaya hapa. Mpango wa tohara ndio uliokuwa na mikono, vifaa na ganzi kuliko huduma nyingine yoyote ya wanaume katika kaunti za ziwa, lakini kanuni yake ilikuwa kumwahirisha mwenye kidonda: atibiwe kwanza, arudi akipona. Kwa malengo ya Ukimwi hilo lilikuwa sahihi, maana hutaki kumtahiri mtu mwenye maambukizi. Kwa malengo ya saratani, yule aliyerudishwa nyumbani ndiye aliyepaswa kushikiliwa. Na govi la mwanamume wa miaka 50 lenye kovu au doa, likikatwa, lipelekwe maabara badala ya kutupwa pamoja na taka nyingine.

Mitoki

Kinachoua katika ugonjwa huu kwa kawaida ni tezi za kinena, zaidi ya uvimbe wa uumeni wenyewe. Mgonjwa ambaye saratani haijafika kwenye tezi ana nafasi nzuri sana ya kuishi miaka mitano na zaidi. Ikiwa imefika kwenye tezi za ndani ya nyonga, wanaoishi muda huo ni wachache.

Tabu ni kwamba mitoki, yaani tezi hizo zikivimba, husema uongo pande zote mbili. Mitoki inayoshikika mkononi, mara nyingi karibu nusu, imevimba kwa maambukizi ya kidonda tu. Na penye Ukimwi mwingi na majeraha ya miguuni ya kila siku, ishara hiyo inachafuka zaidi. Upande mwingine, kwa wagonjwa ambao kinena chao ni laini kabisa, mmoja kati ya wanne au watano tayari ana chembe za saratani ndani ya tezi. Zamani mgonjwa alipewa antibiotiki kwa wiki nne hadi sita, kisha mitoki ikaangaliwa upya. Miongozo ya sasa ya Ulaya imeacha kungoja huko na inataka tezi inayoshikika itolewe sampuli kwa sindano mara moja, ikiongozwa na ultrasaundi. Kwa kinena laini, vituo vikubwa hutumia rangi na chembe za mnururisho kuitafuta tezi ya kwanza inayopokea majimaji kutoka uumeni. Kipimo hicho cha mwisho mgonjwa wa Bondo hatakipata karibu. Sindano na ultrasaundi zinawezekana Kisumu, na zisiachwe kwa sababu tu kile cha juu hakipo.

Kukata kiasi gani

Saratani iliyobaki juu ya ngozi inaweza kutibiwa kwa krimu, leza au tohara peke yake, ikiwa doa liko kwenye govi. Iliyopenya kidogo hukatwa ikiondoa ngozi au kichwa cha uume tu. Iliyopenya zaidi huhitaji kukatwa sehemu ya uume, na ile iliyofika kwenye shina huondoa uume wote, mkojo ukipewa njia mpya chini ya korodani, na mgonjwa hujisaidia akiwa ameketi.

Kwa miaka mingi wapasuaji walifundishwa kuacha sentimita mbili za nyama nzima kuzunguka uvimbe. Siku hizi milimita chache huonekana kutosha, na hilo limeokoa viungo vingi. Tiba ya kuhifadhi kiungo ina bei yake, hata hivyo: ugonjwa hurudi palepale mara nyingi zaidi kuliko baada ya kukata kwingi. Kurudi huko hakupunguzi sana maisha, mradi kugunduliwe mapema, na kugunduliwa mapema kunadai mgonjwa aonekane kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya mwanzo. Kutoka Bondo mjini hadi Kisumu ni kilomita sitini na kitu. Kutoka Mageta unaongeza boti. Mpasuaji anayemhifadhia kiungo mtu ambaye hataweza kurudi anaweza kuwa anamdhuru kwa wema. Anayemkata sana mtu ambaye angeweza kurudi naye anamwibia. Uamuzi huu hauwezi kunakiliwa kutoka London. Unahitaji swali la nauli kabla ya swali la kisu, na mara nyingi unahitaji mke awe ndani ya chumba.

Wanaume wengi hukimbia wakisikia neno kukata, na wanaorudi hurudi wakiwa na mitoki iliyopasuka. Wangeambiwa mapema jambo moja labda wasingekimbia: aliyekatwa sehemu kwa kawaida huweza kukojoa amesimama, na wengi hubaki na uwezo wa tendo la ndoa.

Kuondoa tezi za kinena huokoa maisha, kukiwa na madhara mazito: kidonda kinachochelewa kufunga, na mguu unaovimba kwa miaka. Mvuvi wa omena mwenye mguu huo amepoteza kazi. Kuacha tezi zenye saratani, kwa upande mwingine, ni kumhukumu. Ugonjwa ukishasambaa, dawa za kemikali kama sisplatini huupunguza kwa baadhi, mara nyingi ili upasuaji uwezekane. Mionzi hupatikana Eldoret, Nakuru au Nairobi, wiki kadhaa mfululizo, na malazi ni juu ya mgonjwa. SHA, bima ya afya ya umma, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kikomo cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Kwa aliyewahi mapema, kiasi hicho kinatosha upasuaji na kubaki. Kwa aliyechelewa, anayehitaji vyote vitatu, kinaisha kabla ya tiba.

Mizani

Kama mjadala ni nini kifanywe ili kizazi kijacho kisiugue, pande zinazokinzana ni tatu. Tohara kwa ajili ya Ukimwi sasa inaelekezwa kwa wenye miaka 15 na zaidi, baada ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kupendekeza hivyo kwa sababu za usalama na ridhaa. Ajali za upasuaji zilikuwa nyingi zaidi kwa watoto wa miaka 10 hadi 14. Kwa saratani, ushahidi wenye nguvu uko kwenye umri wa chini. Mradi wa Mtoto Msafi Mbili ulionyesha kuwa kutahiri watoto wachanga kunawezekana Nyanza, lakini hoja ya saratani peke yake haitoshi kuusukuma mpango huo: makadirio ya Marekani ya tohara ngapi zinahitajika kuzuia mgonjwa mmoja yanaanzia 909 na kufika 322,000. Upana huo wenyewe unatosha kumnyamazisha anayeinadi tohara kama chanjo ya saratani. Mzazi anayemtahiri mwanawe kwa sababu nyingine atapata kinga hiyo kama nyongeza.

Chanjo ya papiloma ilianza Kenya Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, huku chama cha madaktari Wakatoliki kikiipinga. Wavulana hawamo. Kuwaongeza kunavutia, lakini wasichana wengi bado hawajafikiwa, na dozi inayompata msichana huzuia saratani iliyo nyingi zaidi na kumkinga mwenziwe wa baadaye pia. Mpaka mapengo ya wasichana yazibwe, dozi za wavulana zingekuwa anasa.

Upande wa tatu hauna kampeni wala bango: kufungua govi lililobana na kupima kidonda. Hapo ndipo hoja zote hukutana. Tohara hufanya kazi kubwa kwa kuzuia kubana. Usafi hushindwa palipobana. Virusi na uvimbe hukaa muda mrefu palipobana. Na saratani hujificha hapohapo. Kwa uzito wa ushahidi na kwa bei, huu ndio uwekezaji wenye tija kubwa zaidi kwa wanaume walio hai leo wenye miaka 40 kwenda juu, ambao kampeni ya Ukimwi haikuwalenga sana.

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tohara ikaachwa nje ya huduma za Ukimwi zilizoruhusiwa kuendelea. Kaunti ya Siaya sasa inalazimika kuamua ni nini cha mpango wa tohara kitabaki kwa fedha zake yenyewe. Ikiwa kitakachobaki ni chumba kimoja katika hospitali ya Bondo na afisa wa kliniki mmoja mwenye stadi hizo, swali la bajeti ni kama chumba hicho kitaendelea kumwahirisha mwenye kidonda, au kitakuwa ndicho mahali anapotumwa kutoka kila dispensari ya Usigu, Nyang'oma na visiwani, akatwe kipande kidogo cha nyama ya kidonda na chupa yake iende Kisumu wiki hiyohiyo.